Taa Zilizokonyeza Wapita Njia

Taa za kwa Bi Taratibu zilianza kukonyeza watu siku ya Jumatano, jua lilipozama. Hazikuzimika moja kwa moja, mtu akasema zimeungua, yakaisha. Wala hazikuwaka kama taa zenye adabu zao. Ziliwaka kwa pamoja, zikatulia kidogo kama zinakumbuka kitu, zikazimika zote kwa pamoja. Zikakumbuka tena, zikawaka. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama nje ya lango, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajigusa kifuani kama anayeuliza: mimi?

"Wifi!" Cherehani alipiga kelele kutoka mlango wa jikoni, mkono kiunoni. "Njoo uone taa zako zinavyotuchafulia jina! Zinakonyeza waume za watu barabarani!"

Bi Taratibu alitoka akipangusa mikono. Alizitazama taa zikawaka. Akangoja. Akazitazama zikazimika. Akangoja tena. Yule wa baiskeli, alipoona wanawake wawili wazima wamesimama wanamkodolea macho, alikanyaga pedali kwa nguvu, nusura aingie mtaroni.

"Amekimbia," alisema Bi Taratibu.

"Amekimbia nini! Amekwenda kunyoa ndevu, anarudi."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Bi Taratibu akakumbuka Jumamosi, akaacha kucheka.

Wawili hawa walikuwa mawifi. Bi Taratibu ndiye mwenye nyumba, mjane, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu hakuwa mtu wa pupa. Sindano ikimwanguka haanzi kupapasa sakafu. Hukaa kwanza, akafikiri sindano ile ingependa kwenda wapi. Cherehani alikuwa dada wa marehemu mumewe. Huyo akianza kusema, husimama uzi ukikatika tu. Alikuja kukaa na wifi yake mwanzo wa mwezi ule, na begi lake na vyombo vyake, na tangu siku hiyo kimya kilihama nyumba ile bila kuaga.

Na Jumamosi ilikuwa siku ya Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwana pekee wa Bi Taratibu. Kazi yake ilikuwa kukagua lifti za maghorofa, lakini hata kabla hajapata kazi alikuwa hivyo hivyo: mtoto wa kunusa maziwa kabla ya kunywa na kutikisa kiti kabla ya kukalia. Taa zile alizifunga yeye. Zilikuwa taa ndogo za LED, zimesimama juu ya vijiti vyao kuanzia ukuta wa jikoni, zikashuka ngazi, zikafuata njia mpaka langoni. Ukutani aliweka kisanduku cha kupunguza umeme wa nyumbani uwe umeme mdogo, volti kumi na mbili, na kwenye kisanduku hicho kulikuwa na jicho. Giza likiingia, jicho linawasha. Kukicha, jicho linazima. Mtu hagusi kitu.

Basi siku chache kabla ya huko kukonyeza, taa ya kwenye ngazi ikafa. Jioni moja Bi Taratibu akateremka akidhani ngazi zimeisha, kumbe imebaki moja, akaenda kukaa juu ya chungu cha maua. Yeye hakuvunjika. Chungu ndicho kilichovunjika. Lakini Mkaguzi aliposikia alikuja na uso wa msiba.

"Mama, sikufukuzi kwako," alisema siku hiyo. "Lakini nikiwa kazini nikiona simu yako, moyo unanilipuka. Tufanye hivi. Jumamosi nakuja magharibi. Nikikuta njia yote inawaka, mlangoni mpaka langoni, na imetulia, unabaki, na sitafungua mdomo wangu tena. Nikikuta hata ngazi moja ina giza, unakuja kukaa kwangu. Chumba kipo tayari."

"Si ungekuja tu kuitengeneza mwenyewe?" aliuliza Cherehani.

"Nikitengeneza mimi leo, kesho itakufa nyingine. Nataka nijue zikiharibika kuna mtu hapa anayeweza kuzihangaikia. Fundi muiteni, sikatai."

Bi Taratibu alikubali, maana neno lenyewe lilikuwa la haki na hakuona pa kulikatalia. Lakini kila alipofikiria chumba kile, huko juu ghorofani, ambako ukitaka kutia mguu kwenye udongo lazima kwanza uteremke na lifti, alitoka nje akakanyaga udongo wa ua wake. Hapa alikuwa na mlango wake, uzio wake, na majirani wa kuwagombeza. Na nyumba ikifungwa, Cherehani naye angerudi kwa binti yake, kwa mkwe anayekoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini.

"Siendi kule," Cherehani alikuwa akisema. "Bora nilale chini ya taa zako hizi hizi, zinikonyeze."

Alhamisi mchana alipita Fundi Waya. Alikuwa na kazi ya watu kwenye paa la zahanati, akaingia mbio mbio, ngazi begani. Bi Taratibu alimweleza habari ya kukonyeza. Fundi akalifunika jicho kwa kiganja ili lidhani ni usiku. Taa zote zikawaka, isipokuwa ile ya ngazini. Akangoja. Hazikukonyeza hata kidogo. Zilitulia kama wageni waliokuja kuposa.

"Bibi, hizi nzima."

"Jioni zinakonyeza."

"Zinamkonyeza nani?"

"Mwenye baiskeli," alidakia Cherehani.

Fundi alicheka, akaangalia saa, akacheka tena. Aliwaachia vibanio viwili vipya vya kuungia waya, akasema ile ya ngazini atawaelekeza kwa simu akiwa juu ya paa, kwani ni kazi ya mtu yeyote mwenye mikono. Akatoka mbio kama alivyoingia.

Alipopiga simu alasiri, Bi Taratibu alikuwa amekaa kwenye ngazi na bisibisi mkononi. Cherehani alitoka ndani na viatu vya mvua, glavu za kuoshea vyombo zilizomfika kwenye viwiko, na mfuko wa plastiki kichwani.

Bi Taratibu alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Unakwenda wapi?"

"Kwenye umeme. Umeme hauna wifi wala shemeji."

"Ni volti kumi na mbili tu, kama betri ya pikipiki."

"Na pikipiki zimeua wangapi?"

Simu ilikuwa kwenye spika, na huko kwenye paa Fundi Waya alisikika akikohoa kicheko. "Haya bibi zangu, nisikilizeni. Chomoa ile iliyokufa. Chomoa na jirani yake iliyo nzima. Zibadilishane mahali. Iliyokufa ikiwaka kwa jirani, taa haina kosa, kosa liko kwenye waya."

"Ah!" alisema Bi Taratibu. "Kama mtoto anayelia kitandani. Unamhamisha kitanda. Akinyamaza, basi kunguni wako kwenye kile cha kwanza."

"Hapo hapo, bibi."

Wakahamisha. Cherehani akaenda kulifunika jicho pale ukutani, akapiga kelele, "Nimelifumba! Limelala!" na ile taa iliyokufa ikawaka kwenye kitanda cha jirani, inang'aa kama haijawahi kuumwa. Ile nzima, iliyohamia ngazini, ikawa giza totoro.

"Kunguni wako kwenye waya," Bi Taratibu aliiambia simu.

Fundi akawaambia wachomoe plagi kwanza, kisha wafukue. Walifukua kwa kijiko. Chini ya udongo uliolowa walikuta kibanio cha zamani kimefanya kutu ya kijani, na Bi Taratibu alipokigusa kilivunjika vipande kama biskuti. Alikata sehemu iliyooza, akapangusa waya mpaka ukatoa shaba yake. Cherehani alitaka naye kufanya kitu, basi akapewa kazi ya kubana kibanio kipya. Alikibana macho yamefumbwa, uso umegeuzwa pembeni, meno nje. Alipomaliza alifumbua jicho moja.

"Nipo?"

"Upo, wifi. Na plagi bado imechomolewa."

Wakaichomeka, Cherehani akakimbilia jicho, akalifumba. Giza. Taa ya ngazini haikutoa hata cheche.

"Nimeiua!" alilia Cherehani. "Nimeiua mwenyewe kwa mikono yangu!"

"Bibi," Fundi aliuliza, "ule waya wenye mstari mweupe mmeupeleka upande gani?"

Cherehani alivua glavu moja.

"Mstari gani?" aliuliza Cherehani.

Bi Taratibu aliinama akautazama. Mstari ulikuwepo, mwembamba, mweupe, na Cherehani, kwa vile alikuwa amefumba macho, alikuwa ameupeleka upande usio wake. Fundi akawaeleza kwamba taa za namna hii zinachagua: umeme ukiingia mlango wa mbele zinawaka, ukiingia mlango wa nyuma zinanuna. Bi Taratibu alichomoa plagi, akageuza, akabana mwenyewe. Cherehani akalifumba jicho. Taa ikawaka mchana kweupe, na Cherehani akapiga kigelegele kilichomfanya Fundi Waya aseme kwa simu, "Jamani, niko juu ya paa!"

Kwa hiyo Alhamisi jioni walikaa nje kwenye viti, wamejifunga shuka, wakingoja ushindi wao. Jua likazama. Taa zote zikawaka, na ya ngazini imo. Cherehani alifungua mdomo ashangilie.

Zikazimika.

Zikawaka.

"Mwenye baiskeli anakuja," alisema Cherehani kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Ijumaa Bi Taratibu aliiangalia njia yake asubuhi, mchana na alasiri, na mara mbili alijikuta amesimama katikati ya chumba chake akifikiri ni nguo zipi zingeingia kwenye begi. Ilipokaribia magharibi alimpigia Fundi.

"Yaani zinawaka zote kisha zinazimika zote? Na mchana nilipofunika jicho zilitulia?" Fundi alifikiri. "Basi kuna mwanga unalifikia jicho. Jicho hilo ni jinga, bibi, siwafichi. Likiona mwanga linadhani kumekucha, linazima. Mwanga ukiondoka linadhani usiku umeingia, linawasha. Tafuteni mwanga huo uko wapi. Mimi leo siwezi kuja, bado wananing'ang'ania hapa."

Bi Taratibu hajaiweka simu mezani, Cherehani ameshatoka kama kombora. Alizima taa ya jikoni. Alizima televisheni. Alivuta mapazia yote. Alinyofoa shuka jeupe kwenye kamba. Alibeba vyombo vyote vilivyokuwa vinakauka kwenye kichanja kando ya ukuta, akaviingiza ndani kwa fujo, vikilia kama bendi. Kisha akaenda kwenye uzio.

"Jirani! Zima taa ya baraza!"

Jirani, mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akisoma gazeti lake, alishusha miwani. "Kwa nini?"

"Taa zetu zinadhani kumekucha!"

Yule mzee alimtazama kwa muda. Akazima taa, labda kwa kuona ni salama zaidi.

Na taa za Bi Taratibu zikawaka. Wakangoja wameshikana mikono. Zinawaka. Wakangoja mpaka Cherehani akashindwa kupumua. Bado zinawaka! Njia yote imetandazwa mwanga kama zulia, mlangoni mpaka langoni, ngazi kwa ngazi. Cherehani alianza kucheza. Alicheza na viatu vyake vya mvua, alizunguka, alimvuta wifi yake, na Bi Taratibu naye akazunguka mara moja, mara mbili, kisha akasimama ghafla.

"Ni ipi?"

"Ipi nini?"

"Ipi iliyoziponya? Umezima taa, umefunga mapazia, umeondoa shuka, umeingiza vyombo, umemzimia mtu taa yake. Ni ipi kati ya hizo?"

"Zote! Si zimewaka? Unataka nini tena?"

"Kesho jirani akiwasha taa yake mwanangu yupo pale langoni, je? Tutamwambia nini?" Bi Taratibu alikaa kwenye kiti chake. "Rudisha vyote."

"Vyote?"

"Kimoja kimoja. Ukirudisha kimoja tunangoja. Zikitulia, tunarudisha cha pili."

"Wifi, mtu amepona unamrudishia homa?"

"Nataka kuijua homa yenyewe."

Cherehani alimlaani kwa mapenzi yote, akaenda kwenye uzio. "Jirani! Washa!"

"Jamani niwashe au nizime?"

"Washa, babu, ukae tu uendelee kusoma!"

Mzee akawasha. Wakangoja. Taa zikatulia. Basi jirani akasamehewa. Cherehani akafungua mapazia. Zikatulia. Akawasha taa ya jikoni, akawasha televisheni, mtangazaji akaanza kubwabwaja mle ndani peke yake. Zikatulia. Shuka likarudi kwenye kamba. Zikatulia tuli.

"Unaona? Zimepona zenyewe."

"Vyombo."

"Vyombo vinahusika nini na umeme?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema vyombo."

Hapa lazima isemwe habari ya vyombo vile. Tangu Cherehani ahamie, mawifi hawa walikuwa kwenye vita ambayo hakuna aliyeitangaza. Cherehani alikuja na sinia lake kubwa la alumini, na siku ya kwanza tu alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Bi Taratibu alilitazama, akaenda kuchota majivu yake. Kesho yake sufuria yake kubwa ilionekana kwenye kichanja, imesuguliwa mpaka chini. Cherehani akaongeza mchanga laini. Bi Taratibu akaongeza ndimu. Ilifika mahali chakula chenyewe kinapikwa haraka haraka ili watu wawahi kusugua. Na siku ile ya Jumatano, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na tope, walikihamishia kichanja ukutani, karibu na mlango, ambapo kila apitaye barabarani angeweza kuona kazi ya mikono yao.

Cherehani akaleta vikombe. Taa zikatulia. Akaleta sufuria ya Bi Taratibu, akaiweka mahali pake. Zikatulia. Akaleta sinia lake, akaliegemeza ukutani kama alivyozoea, uso wake ukitazama nje kwa majivuno.

Zima.

Taa zikafikiri kidogo. Waka. Zikafikiri. Zima.

Bi Taratibu aliinuka taratibu, akaenda mpaka kwenye kichanja, akalitoa sinia. Taa zikawaka, zikabaki zinawaka. Akalirudisha. Zikazimika. Alichuchumaa akatazama: taa ya kwanza kabisa, ile iliyo chini ya ukuta, ilikuwa ikilirushia sinia mwanga, na sinia lilikuwa likiupokea na kuutupa wote juu, moja kwa moja kwenye jicho. Jicho likidhani kumekucha, linazima taa. Taa zikizimika, sinia nalo linazimika. Jicho linaona giza, linawasha. Na hivyo hivyo mpaka alfajiri ya kweli.

"Ni sinia lako," alisema.

Cherehani aliweka mikono yote miwili kifuani. "Sinia langu?"

"Sinia lako limekuwa jua."

"Sinia langu," Cherehani alirudia, na sauti yake ikapanda kwa kila neno, "limelidanganya jicho la umeme kwamba kumekucha? Mimi? Kwa majivu tu?" Alitazama kichanja. Akatazama sufuria ya wifi yake. Uso ukamchanua. "Na sufuria yako je? Mbona sufuria yako haijalishtua hata kidogo?"

Bi Taratibu, mwanamke wa subira zake, alishika kiuno. "Imekaa vibaya tu."

"Imekaa vibaya!"

"Imekaa vibaya. Subiri." Aliishika sufuria, akaigeuza makalio yake yaelekee kwenye taa. Hakuna kitu. Akaiinamisha. Hakuna. Cherehani alikuwa tayari ameshika ukuta, mbavu hana. Bi Taratibu akaisogeza, akaiinua, akaipinda, akasimama kwa mguu mmoja, na taa zote zikazimika pwaa!

"Haya! Umeona?"

"Umeisaidia!"

"Imezima au haikuzima?"

Basi wakaacha kabisa kuwa watu wazima. Cherehani alilichukua sinia, Bi Taratibu akashika sufuria, wakawa wanapokezana, huyu anawasha, yule anazima, wanapiga kelele kama watoto waliopata filimbi. Mzee jirani alisimama barazani kwake na gazeti, akatazama ua mzima ukikonyeza. Alizima taa yake bila kuambiwa, akaingia ndani.

Jumamosi kichanja kilihamia nyuma ya jiko. Hakuna kitu cha kung'aa kilichoachwa karibu na ukuta ule. Cherehani alivua mpaka bangili. Jua lilipoanza kushuka, Bi Taratibu alikaa kwenye kiti na mikono imekunjwa mapajani, kisha akaikunjua, akaikalia.

Gari la Mkaguzi lilisimama langoni mwanga wa mwisho ukiondoka. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwa kinyozi. Kipara chake, ambacho nywele zilikikimbia mapema, kilikuwa kimesuguliwa na kupakwa mafuta. Kwenye kiti cha nyuma cha gari mama yake aliona maboksi, yamekunjwa bapa, na utepe wa gundi wa kufungia.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba," walijibu pamoja, kwa adabu nyingi mno.

Taa zikawaka.

Mkaguzi aliianza kazi. Alipita njia yote polepole, akigusa kila taa kwa kidole. Aliitikisa ya ngazini. Alikanyaga kila ngazi kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alisimama langoni akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Taa zilitulia kama picha. Cherehani alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake.

"Mama," alisema Mkaguzi akirudi, na tabasamu likianza kumtoka upande mmoja, "lazima niseme ukweli. Hii kazi ni safi. Ngoja tu niangalie kisanduku."

Akainama kwenye kisanduku, kichwa karibu kabisa na jicho.

Taa zote zikazimika.

Alisimama wima. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Akageuka, akashuka ngazi moja, na nyuma yake taa zikawaka. Akazitazama, akarudi, akainama tena. Zikazimika.

Bi Taratibu na wifi yake walitazamana gizani. Walitazamana, na wote wawili wakaelewa kwa wakati mmoja, na kicheko kikawapiga kama wimbi. Cherehani alianguka kwenye kiti. Bi Taratibu alijaribu kusema, "Mwanangu," lakini ilitoka "mwa" tu, machozi yakaanza kumtiririka, mabega yakimtikisika.

"Mama, usilie," Mkaguzi alisema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imelegea. "Usilie, mama yangu. Nimeona mlivyojitahidi. Chumba kina dirisha kubwa, utapanda maua yako pale pale."

Bi Taratibu akatikisa kichwa, hapana, hapana, akaonyesha kidole. Hewa haikuwepo ya kusemea. Mkaguzi alishika mikono ya mama yake, akaibusu, akaenda kwenye gari. Akatoa maboksi. Akalikunjua la kwanza pale pale chini ya taa zinazowaka, akavuta gundi, na mlio ule wa gundi ndio uliomrudishia Bi Taratibu pumzi. Ilikuwa ni nyumba yake inayofungwa ile.

"Weka chini!" alisema.

Mkaguzi akaweka chini.

"Njoo hapa. Inama."

"Mama, nimeshaona."

"Hujaona kitu. Inama kama ulivyoinama."

Akainama. Zikazimika. Bi Taratibu akafungua kitambaa chake cha kichwani, akamfunika nacho mwanawe mpaka masikioni, kama alivyokuwa akimfunika akitoka kuogeshwa. Wakangoja. Taa zikawaka. Akafunua. Zikazimika. Akafunika. Zikawaka.

Kitambaa kiligeukia kushoto, kikageukia kulia.

"Ni mimi?" iliuliza sauti.

"Ni wewe, baba!" Cherehani alilia kutoka kwenye kiti. "Kwako kumekucha! Sinia langu limepata mwenzake!"

Mkaguzi alijishika kipara kwa mikono miwili. Aliinama bila kitambaa, akatazama kwa pembe ya jicho taa zikifa. Akainuka, zikafufuka. Akainama upande, akainama mbele, kama kuku anayedonoa, na kila alipodonoa giza likaingia. Halafu akaanza kucheka, kicheko chake kile cha utotoni chenye kwikwi, ambacho mama yake hakuwa amekisikia siku nyingi. Wakamweleza habari ya sinia wote wawili kwa pamoja, akaielewa ilivyokuja, nusu nusu.

"Lakini shangazi," alisema akipangusa macho, "nilisema taa zitulie. Hazikutulia."

"Makosa ya kichwa chako unayabebesha taa?" Cherehani alisimama. "Nenda kamuulize kinyozi!"

"Na mtu mwingine mwenye kipara akija?"

Mkaguzi alikwenda kwenye gari akarudi na bisibisi, lakini mama yake alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Ulitaka mtu anayeweza kuzihangaikia," alisema. "Leta."

Alichomoa plagi kwanza. Mwanawe akammulikia kwa simu. Alilegeza skrubu mbili za kisanduku, akasimama akatafakari jicho lile lingependa kutazama wapi, kisha akakizungusha kisanduku chote mpaka jicho likageukia uzio wa upande wa pili, si wa mzee jirani, ambako hakukuwa na taa wala sinia wala mtu. Akakaza. Akachomeka.

Taa zikawaka.

"Inama," aliamuru.

Mkaguzi aliinama. Zikabaki zinawaka. Alisogeza kipara karibu, akakigeuza huku na huku, akachuchumaa, akasimama kwa vidole. Cherehani mwenyewe akaenda nyuma ya jiko, akaleta sinia, akalishika juu ya kichwa. Taa hata hazikupepesa.

Mkaguzi alishuka njia mpaka pale alipoliacha boksi. Akalitazama. Akabandua gundi aliyoiweka, akalikunja bapa, akalirudisha pamoja na mengine, na kufunga mlango wa gari kwa mgongo wake.

"Kaa kwako, mama," alisema. "Nimemaliza kukagua."

Bi Taratibu aliteremka ngazi zake bila kushika kitu, akamfikia mwanawe, akamfungia tena kile kitambaa vizuri kichwani kwa sababu baridi ilikuwa imeanza.

"Chumba chenyewe ulikipaka rangi gani?"

"Ya chungwa. Uliwahi kusema unaipenda."

Alikaza fundo la kitambaa. "Jumapili ijayo njoo utuchukue, tukakione. Tutashinda huko mchana kutwa, na shangazi yako atakusugulia vyombo."

"Na niwarudishe kabla giza halijaingia?"

"Hapana," alisema Bi Taratibu, akitazama njia yake yote, mlangoni mpaka langoni. "Likishaingia. Nataka nizikute zinawaka."